Uso wa Kabla

Siku bibi harusi alipomwonyesha fundi cherehani uso wa fundi huyo huyo kwenye simu, fundi alikuwa na pini sita mdomoni. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa baadaye ya kunyamaza kwake. Mtu mwenye pini sita katikati ya midomo hasemi. Akisema atajichoma au atameza, na huyu alikuwa ameshona miaka kumi na tisa bila kumeza hata moja. Lakini tusidanganyane. Pini hutemwa. Kisahani chake kilikuwa pale pale mezani, mkono ungekifikia bila hata kunyooka. Hakuzitema.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na dirisha lake pana lilimwaga mwanga wa asubuhi kwenye stuli wanayosimamia wateja wakipimwa. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa chekechea, binti wa maneno mengi na moyo mweupe, na alisimama juu ya stuli ile mikono ameitandaza kama anayecheza ndege na watoto wake wa darasani. Harusi ilikuwa imebakiza miezi miwili. Aliongea kuanzia kipimo cha mabega mpaka cha kiuno, sijui alikuwa akipumua saa ngapi.

"Gauni nakuachia wewe, fundi, sina wasiwasi," alisema. "Mimi ninachohangaika nacho ni uso. Gauni nitalivua siku hiyo hiyo. Uso utabaki kwenye picha mpaka wajukuu waje waucheke."

Fundi aliutazama uso wenyewe kwa jicho la kazi. Ulikuwa uso mzuri, wa mviringo, wenye vichunusi vitatu kidevuni. Vitatu tu, na kimoja kilikuwa kinakauka.

"Hebu mwone huyu." Bibi harusi aliinama kutoka kwenye stuli na simu mkononi. "Anaitwa Mng'aro. Wiki sita, krimu moja tu."

Picha zilikuwa mbili, zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Ya kushoto iliandikwa KABLA: uso mpana wa mwanamke aliyechoka, mashavu yenye madoa meusi, makovu ya chunusi za zamani kwenye paji, mwanya kwenye meno, na kidoti kidogo chini ya jicho la kushoto. Ya kulia iliandikwa BAADA: paji lile lile, mwanya ule ule wa meno, kidoti kile kile, na ngozi laini inayometa mpaka unatamani kuigusa.

"Huyu si kama wale wengine," bibi harusi aliendelea. "Wengine wanakuonyesha uzuri tu. Huyu ametoa uso wake ulivyokuwa, bila haya, dunia nzima iuone. Mtu aliyekubali kukuonyesha ubaya wake atakudanganya nini tena? Au siyo, fundi?"

"Mmh," alisema fundi kupitia pini.

"Umeona? Hata wewe unamwamini," akasema bibi harusi, na papo hapo, juu ya stuli, akaagiza makopo mawili.

Uso wa kushoto ulikuwa wa fundi. Uso wa kulia ulikuwa wa mdogo wake, tumbo moja. Walipishana miaka saba, lakini mama yao mzazi alizoea kusema kwamba amewakata kwa karatasi moja ya vipimo, ila kitambaa ndicho tofauti. Mkubwa alipata ngozi iliyomtesa tangu ujana. Mdogo hakuwahi kutokwa na kipele maishani, hata cha joto.

Mwaka mmoja nyuma, mdogo mtu alikuja na simu mpya akamwambia, "Dada, kaa hapo dirishani nijaribu kamera." Fundi akakaa. Alikuwa ametoka kumaliza sare za shule sitini, hajapaka hata mafuta, macho yamemwingia ndani. Hakuuliza picha ni ya nini, maana nani anamuuliza mdogo wake swali kama hilo. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamsuka, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Majuma mawili baadaye akaikuta picha yake mtandaoni na jina la KABLA. Alipiga simu.

"Dada, ni mfano tu," mdogo wake alimwambia. "Jina lako halipo. Nani atakujua?"

Na kweli hakuna aliyemjua. Watu hawamtazami fundi usoni. Wanajitazama wenyewe kwenye kioo kilicho nyuma yake. Lakini fundi alifanya kosa la kusoma walichoandika watu chini ya picha. "Maskini, alikuwa katika hali gani." "Hapo hata mimi ningejifungia ndani." "Kweli kutoka huko ni miujiza." Alisoma akiwa na pasi mkononi, akasoma mpaka pasi ikatoboa mgongo wa shati la mteja, akalazimika kushona lingine. Tangu siku ile hakutaka mtu yeyote ajue uso ule ni wake. Tusiipambe: aibu ndiyo iliyomfunga mdomo, na ilimfunga mwaka mzima.

Alichobaki nacho ni jicho la fundi, na jicho hilo halikumpa raha. Mng'aro hakuzaliwa na kidoti. Alikichora kwa wanja kila asubuhi ili afanane na picha. Siku za mwanzo alijitazama kwenye kioo akakosea upande, akakichora shavu la kulia. Video tatu zilitoka hivyo. Fundi, ambaye kazi yake ni kutofautisha mkono wa kushoto na wa kulia, aliona mara moja, akasubiri wengine waone. Mmoja aliona, akauliza. Wenzake wakamjibu wao wenyewe, hata kabla Mng'aro hajaamka, kwamba kamera ya mbele hugeuza picha na aache ujuaji. Yule aliyeuliza aliomba radhi.

Mwezi ulipita. Bibi harusi alikuja kujaribu gauni likiwa bado limeshikizwa kwa nyuzi ndefu, bila zipu wala pindo. Fundi alifungua mlango, akamtazama usoni. Vichunusi vitatu vilikuwa vimekwenda, hilo ni kweli. Vilikwenda na rangi ya uso. Mashavu yalikuwa na weupe usio wake, mekundu juu ya mifupa, na nyuma ya masikio ngozi ilikuwa inabambuka kama rangi ya ukuta ulioingiwa na maji.

"Unaonaje?" bibi harusi aliuliza, akigeuza uso huku na huku kwenye mwanga.

Fundi alichukua gauni amvishe. Lilipopita usoni, binti alivuta hewa kwa meno.

"Taratibu, fundi, kinakwaruza."

Kilikuwa kitambaa cha satini. Satini haikwaruzi mtu.

"Inakuuma?"

"Inachoma kidogo. Ila alishatuambia. Wiki ya nne ndiyo ngumu, ngozi ya zamani inagoma kutoka. Wengi wanaachia hapo, halafu wanasema krimu mbaya."

"Umeenda kwa daktari?"

"Nimeenda, mama alinilazimisha. Akasema niache leo hii. Hilo nalo alishatuambia, kwamba daktari yeyote lazima aseme acha." Akacheka kwa uangalifu, asikunje mashavu. "Na yule daktari mwenyewe, fundi, ungemwona ngozi yake."

Utamwambia nini mtu ambaye kila onyo unalomletea ameshapewa mapema, akaambiwa ni dalili njema? Fundi alipiga magoti akashughulika na pindo, akalipima mara mbili. Aliogopa. Aliona wazi kwamba uso huu unaharibika mbele yake kwa sababu ya uso wake yeye, na kwamba siku ile ya kwanza alikuwa na nafasi, akaitumia kusema "mmh".

Alipofunga kazi alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Chumba cha wageni kilikuwa kimegeuzwa mahali pa kupigia video: taa ya duara iliyozimwa, pazia la waridi, na maboksi ya makopo yamepangwa mpaka karibu na dari. Mng'aro alikuwa amekaa mbele ya kioo, kalamu ya wanja mkononi.

"Dada, umekuja wakati mzuri. Hebu niangalizie, kimekaa sawa?"

"Shusha kidogo," fundi akasema kwa mazoea, kisha akajikasirikia. "Nina mteja anaungua uso kwa krimu yako."

"Anaungua au anabadilika?"

"Usinichezee. Anaungua. Nimemwona kwa macho yangu mawili."

"Basi aniandikie nimshauri."

"Utamshauri nini?"

"Anywe maji mengi," alisema mdogo mtu, na hata yeye mwenyewe hakulitazama neno hilo likitoka. "Asikae juani."

"Mwambie aache. Waambie wote waache."

Mng'aro aliweka kalamu chini. Bila ile taa alionekana mdogo, kama alivyokuwa zamani akisubiri kusukwa. "Dada, mimi siipiki hii krimu. Wananiletea makopo na maneno ya kusema, nayasema. Nikisema leo acheni, kitu cha kwanza wataniuliza ile picha ni ya nani."

"Si uwaambie."

"Niwaambie kwamba sikuwahi kuwa na chunusi? Kwamba nimezaliwa hivi?" Hakusema kwa maringo, alisema kama mtu anayetaja maradhi. "Mtu aliyezaliwa hivi hasikilizwi, dada. Nilijaribu miaka miwili, walikuwa watu mia tatu wananitazama. Nilipoweka uso wako, wakaja laki mbili."

"Wewe unaipaka?"

Mng'aro alichukua tena kalamu ya wanja.

"Mimi ngozi yangu haihitaji," Mng'aro akasema.

"Basi mimi nitamwambia yule binti. Nitamwambia uso ni wangu."

Fundi alitegemea kusihiwa, au kufokewa, au hata machozi. Mdogo wake alimshika mkono tu. "Mwambie, dada. Sikukatazi. Ila hatakuamini." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimkera fundi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Zilibaki siku kumi. Bibi harusi alikuja kujaribu mara ya mwisho akiwa na miwani ya jua na mtandio umezungushwa mpaka kidevuni. Aliuvua polepole, huku anausema uso wake kabla fundi hajausema. Kwamba umevimba kidogo, ni wa muda tu. Kwamba mtoto mmoja darasani amemuuliza, mwalimu, nani kakupiga, na wenzake wakaja mmoja mmoja kumpuliza shavuni. Alijaribu kulifanya jambo la kuchekesha. Sauti ikamkatika njiani.

Safari hii fundi hakutia pini mdomoni. Alichukua kitambaa kibichi akajifuta poda yote aliyopaka asubuhi, akaenda akakaa dirishani, palepale alipopigwa picha.

"Mwalimu," alisema, "fungua ile picha. Uiweke hapa karibu na uso wangu."

"Picha gani?"

"Ya Mng'aro. Ya kushoto."

Bibi harusi alifungua. Akatazama simu, akamtazama fundi, akarudi kwenye simu. Fundi alimwonyesha kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kama anavyomwonyesha mteja mahali gauni linapobana: kovu la paji, doa la shavu, kidoti, na nyuma ya kichwa kwenye picha kipande cha kabati la nyuzi, ambalo lilikuwa pale pale nyuma yake.

"Ni mimi," alisema. "Huyo wa kulia ni mdogo wangu. Ni watu wawili. Hakuna aliyepona, kwa sababu yeye hakuwahi kuumwa, na mimi niko kama unavyoniona. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Nisamehe, na uache hiyo krimu leo."

Lilikuwa limetoka. Mwaka mzima wa kulimeza, na limetoka kwa pumzi moja. Macho ya bibi harusi yalijaa machozi, mdomo ukafunguka, na fundi akahisi mzigo unamshuka mabegani. Ameelewa, akawaza. Mungu mkubwa, ameelewa.

"Pole sana, dada yangu," bibi harusi akasema kwa sauti ya chini. "Uliacha lini?"

"Niliacha nini?"

"Krimu. Uliacha lini mpaka imerudi hivi?"

Fundi aliinua mkono kumkatisha.

"Kumbe mko ndugu," binti aliendelea, machozi yakimchoma njia yote yalipopita. "Tumbo moja, ngozi moja. Mlianza pamoja, yeye akaendelea, wewe ukashindwa. Wala sikucheki, najua inavyouma. Ndiyo maana hakuweka jina lako, amekustahi."

"Sikuacha. Sikuwahi kuanza. Nisikilize, mwalimu. Hata kidoti anakichora. Tazama video zake za mwanzo, kiko upande wa kulia."

"Kamera ya mbele hugeuza, fundi."

"Hii si kamera. Huu ni uso wangu. Ushike."

Bibi harusi aliushika, kwa ncha ya kidole, taratibu mno, kama anavyoshika watoto wake. "Nikuambie ukweli?" alisema. "Nilikuwa nimeanza kuchoka. Jana nililia mpaka mama akaingia. Niliapa leo nikirudi nyumbani nalitupa kopo." Akatikisa kichwa. "Sasa nimeona mwenyewe mtu akiacha anakuwaje. Mungu ndiye aliyenileta kwako."

Fundi alifanya yote anayoweza kufanya mtu. Alimsihi. Alimwita mdogo wangu, alimwita mwanangu. Alimtishia kwamba hatamaliza gauni mpaka aache, na binti akamtazama kwa mshangao tu, maana lilikuwa limebakiza mshono mmoja tu. Mwisho bibi harusi alizungusha tena mtandio wake, akamkumbatia, akasema kwamba kuanzia leo atakuwa anapaka na mchana pia.

Mchana huo fundi alimpigia simu mama wa binti. Mama wa bibi harusi alikuwa mwanamke mpole, aliyezidiwa na shughuli, na alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ameniambia, fundi. Na mimi uso ule unanitia hofu. Lakini ameniambia pia kwamba yule ni mdogo wako. Sasa samahani, sisi sote tuna ndugu, tunajua mambo ya ndugu." Hakulitaja neno wivu, alilizunguka kwa adabu. Fundi alimshukuru akakata simu, akarudi kuketi mbele ya cherehani.

Jioni yake mdogo wake alipiga. "Ameniandikia yule mteja wako. Barua ndefu. Anasema ameona uso wako na sasa ndiyo ananiamini kabisa."

"Umemjibu nini?"

"Sikujua nimjibu nini, dada. Nimempa moyo tu."

"Moyo gani?"

"Ule mwekundu," alisema Mng'aro.

Siku mbili kabla ya harusi bibi harusi aliomba shela la kufunika uso liongezwe tabaka la pili. Fundi aliliongeza. Lilikuwa jepesi kama hewa, na hata likiwa mawili ungeona sura ya mtu ndani yake, kwa hiyo akaongeza la tatu bila kuulizwa.

Asubuhi ya harusi alikwenda nyumbani kwa kina bibi harusi saa tatu. Huo ndio uliokuwa utaratibu wake: mshono wa mwisho wa mgongoni aliushona gauni likiwa mwilini, kwa kuwa mabibi harusi hupungua wiki ya mwisho na kiuno kilichopimwa siku kumi nyuma si kiuno cha siku yenyewe. Chumbani alimkuta mpambaji akirudisha brashi zake mfukoni, hajamaliza kazi.

"Haishiki," mpambaji alimnong'oneza mlangoni. "Pakavu unapaka, pabichi utapaka nini? Nimefanya macho na midomo. Kwingine siwezi, nitamuumiza."

Bibi harusi alikuwa amekaa kitandani na gauni lake, mgongo wazi. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo, mashavu yamechubuka, yanatoa maji yasiyokauka. Vipande viwili vya karatasi laini vilikuwa vimenata kidevuni, pale palipokuwa na vile vichunusi vitatu. Kati ya magauni yote aliyowahi kuvisha wateja, hili ndilo lililokaa vizuri kuliko yote, na fundi alichukia kwamba alilitambua hilo.

Alipiga magoti nyuma yake akaanza kushona. Sindano ilipita, uzi ukavutwa. Nje honi ilipigwa, gari la kumchukua lilikuwa limefika. Mama yake alichungulia, akasema watu wameshakaa, bwana harusi ameshafika, anauliza. Bibi harusi hakuinuka.

"Mama, tupishe kidogo," alisema. "Nibaki na fundi."

Mlango ukafungwa. Fundi alikata uzi kwa meno. Alisubiri, akiwa bado magotini, na ikamjia kwamba labda sasa, labda hatimaye. Kopo lilikuwa mezani, limebaki nusu. Kama binti angesema neno moja tu la shaka, fundi mwenyewe angelitupa dirishani, amshike mkono ampeleke hospitali na gauni lake hilo hilo.

Bibi harusi aligeuka. Alimshika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Wengine wote wanasema tu," alisema. "Daktari anasema, mama anasema, yule mpambaji anasema. Wewe umepita njia hii. Wewe ulikuwa na uso huu. Niambie ukweli, fundi, nikutazame machoni. Nikivumilia wiki mbili nyingine, utatulia?"

Honi ikapigwa tena. Huko nje kulikuwa na watu waliovaa, waliosafiri, waliokwisha kukaa vitini. Hapa ndani kulikuwa na binti ambaye, asipopewa kitu cha kushika, asingeinuka kitandani. Fundi alitafuta. Alikuwa na ukweli mmoja tu, na aliwahi kuutoa, na ulifanya kazi gani ameiona. Angeutoa tena sasa, ungemvunja au usingeingia kabisa, na kwa vyovyote uso ungebaki ulivyo. Angalau asimame, akawaza. Angalau leo apite mlangoni na miguu yake.

"Utatulia," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Wiki mbili."

Bibi harusi alimwamini. Fundi aliona jinsi lilivyoingia, neno hilo, jinsi mabega yalivyoshuka na pumzi ikarudi, pasipo swali, pasipo kamera inayogeuza, pasipo ndugu wanaooneana kijicho. Yale ya kweli yote aliyomwambia hayakupata hata mahali pa kusimama. Hili lilikaa moja kwa moja.

Akainuka. Fundi alimfunika shela, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na kwa mbali, mtu asiyejua, angesema ni bibi harusi mzuri. Wakamwita mama. Aliingia na shada la maua mkono huu na viatu mkono ule, akamtazama mwanawe amesimama, akashusha pumzi, akamshukuru fundi kwa macho.

"Mama," bibi harusi akasema toka ndani ya shela, na sauti yake ilikuwa changamfu kama siku ile ya stuli, "lile kopo lisisahaulike. Na lile jingine jipya lililoko kabatini. Weka yote kwenye begi la safari."

Mama hakuwa na mkono wa kuyashika. Kwa hiyo fundi ndiye aliyeyachukua, akayaviringisha kwenye taulo yasije yakavunjika njiani, akayapanga katikati ya nguo na kufunga zipu.